Mimea Haina Shida, Shida ni Nyinyi

Februari ikielekea ukingoni, Dar es Salaam huwa haikaliki. Kaskazi imechoka kuvuma, shati linalowa kabla hujafika kituoni, vumbi la Kimara limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na ndani ya joto hilo watu hupatwa na mawazo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatoa utabiri wa masika, katika kila nyumba hutokea mmoja wa kusema, "Mvua zikianza tupande kitu hapo mbele." Nchi za baridi husubiri theluji iyeyuke ndipo washike jembe. Sisi tunasubiri wingu jeusi. Wazimu ni uleule.

Kwetu aliyesema ni mke wangu, tena kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, anayekupa taarifa kwa heshima ya ndoa tu.

"Baba watoto, mimi sitaki makubwa. Kabustani kadogo tu, kasiko na usumbufu."

Niseme mapema nisije nikanukuliwa vibaya: kabustani kapo, na mimea yenyewe haijanikosea. Ilipandwa, ikashika, ikatulia. Sijasikia mmea wowote ukipiga hodi. Usumbufu ninaoulalamikia hapa una miguu miwili, unasalimia vizuri, na huanza na neno "samahani". Upo na mmoja wenye miguu minne, huyo nitamfikia.

Mimi nilikuwa na pendekezo langu, na hadi leo nasema lilikuwa bora. Bibi yangu alikuwa na uwanja wa mbele ambao sijaona mwingine wa kuufikia. Ulikuwa mchanga mtupu. Kila alfajiri unafagiwa kwa ufagio wa chelewa, mistari inapangika, na ole wako ukanyage kabla haujakamilika. Nyoka akipita anaonekana, mwizi akipita anaacha nyayo, mvua ikinyesha maji yanazama yenyewe. Hakuna mbolea, hakuna mpira wa maji, hakuna mdudu. Usumbufu wa uwanja ule ulikuwa mmoja tu, kuufagia, na hiyo ilikuwa kazi ya wajukuu.

"Na huo mchanga utaufagia wewe?" akauliza mke wangu.

Hoja ikafa hapohapo.

Pendekezo la pili lilikuwa la kumwiga jirani wa kulia, ambaye aliweka pevingi kuanzia barabarani mpaka mlangoni na kutangaza kuwa yeye na majani wameachana rasmi. Ni kweli hapaliliwi kitu pale. Ila saa nane mchana hapapitiki kwa joto, kuku wanavuka mbio, na mvua ikinyesha maji ya uwanja mzima hayana pa kuzama, kwa hiyo yanafuata mteremko. Sisi tuko upande wa chini wa mteremko. Usumbufu wake haukuisha, ulihama tu, na anwani yake mpya ni kwangu.

Pendekezo la tatu likatoka kwa binti yetu, anayejua kila kitu kwa sababu ana simu. Alituonyesha video za bustani za Marekani: kokoto nyeupe zimetandazwa, jiwe kubwa moja limewekwa kwa makusudi, mimea michache ya miiba imesimama mbalimbali, na mwenye nyumba ameketi na glasi mkononi hana anachofanya. Mtindo huo ulipewa jina mwaka 1981 huko Denver na mamlaka ya maji ya mji ule, iliyokuwa ikitafuta namna ya kupunguza maji yanayomwagwa bustanini. Ni wazo la busara, kwa Denver. Kule mvua na theluji ukivijumlisha havifiki milimita 400 kwa mwaka. Dar es Salaam tunapata zaidi ya 1,000, na sehemu kubwa inapenda kumaliza shughuli zake kati ya Machi na Mei.

"Mwanangu," nikamwambia, "kokoto zako zikikutana na mvua ya Aprili, tutaenda kuziulizia mto Msimbazi."

Zikaletwa hata hivyo, ndoo chache, kwa ajili ya kile alichokiita mwonekano. Msimbazi hazijafika. Ziko mbele ya duka la Mangi, mita chache kuteremka, na Mangi ananiambia kila ninapokwenda kununua mkate kwamba wateja wake wanajikwaa. Hajasema nizitoe. Anasema tu kwamba wanajikwaa, halafu ananyamaza na chenji yangu mkononi.

Basi tukakubaliana kufuata akili. Tupande mvua za kwanza zikianguka, ili mizizi iwe imeshika ardhi kabla ya Juni, kiangazi kikija kila mmea uwe unajitegemea. Tuchague vitu vinavyovumilia jua. Chini tufunike na matandazo, majani makavu na makumbi ya nazi, udongo usikauke na magugu yasipate nafasi. Na majani ya zulia yawe kipande kidogo tu, kwa sababu uwanja mzima wa ukoka ni ajira ya kudumu. Hiyo ndiyo siri yote ya bustani isiyo na kazi, na haijifichi popote. Tatizo ni kwamba ili uipate lazima upitie kwa watu.

Wa kwanza ni muuza maua. Wauza maua wa pembeni ya barabara mnawajua: viriba vyeusi vimepangwa mpaka ukingoni mwa lami, mti mkubwa wa kivuli, na kijana mwenye ndoo na kopo lililotobolewa matundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Natafuta mimea isiyo na usumbufu."

"Hapa yote haina usumbufu, mzee. Hii hapa haitaki maji."

"Na hii?"

"Haitaki jua."

"Na ile?"

"Ile haitaki hata mbolea. Haitaki kuguswa kabisa."

"Sasa inataka nini?"

"Inataka tu mtu mwenye uwezo, mzee."

Nikavuta kifua kidogo. Mke wangu akanifinya kiwiko, lakini bei ilikuwa imeshapanda.

Akatutolea chungu chenye mmea wa majani mazito yanayong'aa, yamepangika pande mbili za bua, ukiyagusa unadhani yamepakwa mafuta. "Huu ni wa Uholanzi," akasema kwa unyenyekevu wa mtu anayetaja bei kubwa. Hapo uvumilivu ukanishinda. Mmea ule asili yake ni Afrika hii hii, kuanzia Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini, Tanzania imo. Chini ya udongo una viazi vinavyotunza maji, ndiyo maana unaweza kusahauliwa kwa muda mrefu na usikasirike. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi kibiashara kwenye miaka ya 1990, wakautia kwenye vyungu vya plastiki na kuutembeza duniani. Umeondoka kwetu hauna hata pasi, umerudi una bei.

Wala hatujaanza leo. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona vijiua vya zambarau huko Usambara, akampelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata vikapewa jina la kisayansi la ukoo wao. Wasambaa waliovipita kila siku wakienda mtoni hawakupata hata herufi moja. Nilimweleza kijana haya yote kwa utulivu, nikidhani bei itapungua. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee unajua vitu, kwa hiyo unaelewa kwamba huu ni mmea wa historia." Akaongeza elfu tano.

Pale pale alikuwa na mkonge mdogo wa mapambo, wenye mstari wa njano kwenye kingo za jani, nao nikauchukua bila kubishana sana. Mkonge nauheshimu. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alipouagiza kutoka Florida kuja Tanga, ilisafirishwa miche 1,000, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba, reli ikapata mzigo na Tanga ikapata jina. Mmea wenye ukoo wa namna hiyo hauhitaji mtu wa kuuimbia asubuhi.

Wa pili ni mwenye kirikuu cha udongo. Udongo wetu ni mwekundu, kiangazi sururu inadunda juu yake, masika unakuvua kiatu. Tukaambiwa tuletewe "udongo mweusi wa bondeni". Ulikuja usiku, na sasa naelewa kwa nini. Asubuhi tulipoutandaza tulikuta visoda, betri ya redio, kipande cha kanga ambacho maandishi yake yalikuwa yamekatika katikati ya fumbo, na mguu wa mwanasesere. Hayo yote yanaokoteka. Kisichookoteka ni ndago.

Ndago ukiiona mara ya kwanza unaipenda: kijani kibichi, nyembamba, imesimama wima baada ya mvua ya kwanza tu. Wataalamu wa magugu wanaitaja miongoni mwa magugu mabaya kuliko yote duniani, na wana sababu. Chini ya kila unyasi kuna kiazi kidogo cheusi, kimeunganishwa na kingine kwa uzi wa mzizi, na kingine kwa kingine. Ukipitisha jembe unakata nyuzi, na kila kiazi kilichobaki peke yake kinaamka na kuanzisha maisha yake. Kijana aliyetusaidia bustani alizilima kwa bidii, na bidii yake ikazaa matunda. Dawa yake ni kuzichimbua na viazi vyake, polepole, ukiwa umechuchumaa, halafu upande juu yake kitu kinachotambaa na kufunika ardhi, maana kivuli haikipendi. Lakini hapa nitende haki: ndago haikuja kwa miguu yake. Ilipakiwa kwenye kirikuu, ikasafirishwa, na mimi nikailipia nauli.

Mvua ikaanguka, tukapanda. Bogenvilia kwenye kona ya barabara. Mkonge kando ya ngazi. Alovera mstari mmoja chini ya dirisha. Mchaichai pale maji ya bati yanapodondokea. Katikati, vile vijiua vya waridi na vyeupe ambavyo asili yake ni Madagaska na huota hata kwenye ufa wa saruji bila kuombwa. Ndivyo hivyo ambavyo wanasayansi walipata ndani yake dawa za kutibu saratani, wakati mimi nilivijua tu kwa kuvikuta vimejiotea nje ya kila ofisi ya serikali. Ukoka ukapata kipande cha ukubwa wa mkeka wa wageni. Mmea wa Uholanzi ukakaa kibarazani kwenye kivuli, na historia yake.

Ikashika yote. Mwisho wa Mei mimi nilikuwa sina kazi. Nikatoa kiti nje jioni, nikaketi, nikakunja mguu juu ya mguu, nikawa nafanana kabisa na yule Mmarekani wa kwenye video. Ndipo mlipoanza.

Uzio wetu wa mbele, kwa taarifa, upande mmoja ni michongoma na upande mwingine ni matumaini. Tofali zipo, saruji iko njiani. Kwa hiyo anayepita barabarani ananiona, na kwa malezi yetu anayekuona lazima akusalimie, na akishakusalimia hawezi kuondoka kavukavu. Zamani nilipokuwa nimekaa mbele ya vumbi, salamu iliishia kwenye "nzuri". Sasa kuna mada.

"Jirani, umependezesha. Hii ni alovera?"

"Ni yenyewe."

"Samahani, naomba jani moja tu. Mtoto ana upele."

Nani atamnyima mtoto mwenye upele? Nikakata. Kesho yake akaja mwenye nywele zinazokatika. Keshokutwa mwenye vidonda vya tumbo. Akaja na mmoja asiye na ugonjwa wowote, ila alikuwa amesikia. Kwa mujibu wa mtaa wetu, hakuna maradhi yaliyowahi kumshika binadamu ambayo hayana jani lake chini ya dirisha langu, na daktari ni mimi, bila ada ya kumwona. Nikisema sina hakika kama inatibu, wananitazama kwa jicho la kumwona mtu mchoyo. Wanakuja hata saa kumi na mbili asubuhi, kwa maelezo kwamba utomvu wa asubuhi ndio wenye nguvu. Nimeshafungua mlango nikiwa na taulo, mswaki mdomoni, nikakuta foleni.

Mchaichai nao una wateja wake. Wenyewe ni waungwana zaidi: hawaombi. Wanakata tu wakipita, kwa sababu, kama alivyonieleza mama mmoja nilipomshika na kifungu mkononi, "si unaota tena, mwanangu?" Ni kweli unaota tena. Hilo ndilo linaloniuma. Ukilalamika unaonekana huna hoja.

Kuna na waombaji wa vipando. Hawa wanakuja na mfuko wa plastiki tayari, ishara kwamba jambo lilijadiliwa nyumbani kwao likapitishwa. Anataka "katawi kadogo" ka bogenvilia. Unampa. Baada ya wiki kadhaa anarudi kukulaumu: kametoka maua meupe, yeye alitaka ya zambarau kama haya yako, au kamekufa, na anataka kujua ulikafanya nini kabla ya kumpa. Nimekuwa mdhamini wa miche ya watu ambayo sikuiona ikipandwa.

Wajuzi je? Hao hawataki kitu, wana cha kutoa. Mmoja ananiambia ukoka unaleta nyoka. Mwingine ananiambia mchaichai unafukuza nyoka. Nikawaomba wakae pamoja waelewane, halafu waniletee taarifa ya nyoka mmoja. Mzee wa kona ananiambia mkonge mbele ya nyumba unaleta ugomvi wa ndoa. Nilimwuliza amejuaje. Akasema, "Nasikia mkiongea."

Mjumbe naye alifika, kwa nafasi yake. Alikuwa na hoja, na hoja yenyewe ni nzito: Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014, ukarudi tena 2019, na mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama, hata kwenye kisahani cha chini ya chungu. Akapita kibarazani akivikagua visahani vyangu kimoja kimoja. Vilikuwa vikavu. Nilivigeuza tangu siku ya kwanza na vingine nikavijaza mchanga, kwa sababu hayo nayajua. Akakosa kosa. Mtu aliyekosa kosa huona aibu kuondoka mapema, basi akakaa, akaomba chai, akasema kama upo mchaichai itakuwa vizuri zaidi. Tangu hapo ukaguzi wa mbu nyumbani kwangu unafanyika mara kwa mara, hasa jioni, na hasa siku za vitumbua.

Sasa mwenye miguu minne. Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Huyu wa jirani wa nyuma hana kamba. Anatoka asubuhi, anapita kwa Mangi, anafika kwangu akiwa na muda mwingi. Mkonge hakuugusa. Alovera aliionja, akatikisa kichwa, akaiacha. Ukoka alikula. Vijiua vya Madagaska alivikanyaga tu, bila hata ya nia. Kisha akapanda ngazi, akaingia kibarazani, akamtazama yule Mholanzi. Nilipotokeza na ndala mkononi, alikuwa na bua mdomoni na macho ya mtu aliyealikwa.

Nikaenda kwa mwenyewe, kistaarabu.

"Jirani, mbuzi wako amekula maua yangu."

"Maua gani?"

"Ya kibarazani."

Akakunja uso. "Hayo mbona yana sumu? Nimesikia redioni. Mbuzi wangu akipata shida tutakwenda kwa mjumbe."

Kwa hiyo jioni hiyo nilikuwa nikimwombea afya mbuzi aliyenila. Alikuwa mzima. Kesho yake alirudi kumalizia ukoka.

Linganisheni na konokono. Masika yakikolea wanatoka wale wakubwa wa kwetu, gumba zima la mkono na zaidi, wanapanda ukutani usiku. Florida wamepambana na konokono hawa kwa miaka, wamewafundisha mbwa kuwanusa, wakatangaza ushindi mwaka 2021, na mwaka uliofuata wakawaona tena. Mimi sina ugomvi nao. Konokono anakula majani mawili matatu, usiku, anaondoka. Hakusalimii mpaka ujisikie vibaya. Haji na mfuko. Ukimwokota na kumtupa mbali harudi na mjumbe.

Na shemeji. Shemeji alikuja kutusalimia wikendi, akaamka kabla yetu, akaona panga, akataka kusaidia. Mgeni ukimwacha akae tu atasema mnamtenga, ndiyo desturi. Tulipoamka alikuwa amefyeka mchaichai wote mpaka ardhini kwa kudhani ni nyasi, ameukusanya vizuri, na ameutia moto. Mtaa mzima ulinukia chai. "Sasa panaonekana pasafi, shemeji," akaniambia, jasho likimtiririka. Nikamshukuru. Ungefanya nini? Mchaichai ulichipua tena haraka sana. Mimi na shemeji bado hatujachipua.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, unayeangalia uwanja wako wa mbele na kupanga mambo kwa ajili ya masika yajayo, nikuonye kwa faida yako. Usiulize mmea unavumilia ukame kiasi gani. Karibu yote inayouzwa barabarani inavumilia, vinginevyo ingekufa palepale kwenye moshi wa daladala. Uliza nani ataupenda. Mmea unaoliwa, unaotibu, unaonukia au unaochemshwa usiuweke mbele. Hata kama hauhitaji maji, utahitaji mhudumu, na mhudumu ni wewe. Mbele weka kile ambacho hakina faida kwa mtu yeyote na kina namna ya kujitetea.

Kwa kigezo hicho mshindi ni bogenvilia. Iliondoka Brazili zamani, ikaandikwa na wasomi wa safari ya Kifaransa ya Louis-Antoine de Bougainville iliyotia nanga huko miaka ya 1760, ikapewa jina lake, kisha ikaenea kila pwani yenye jua. Ikishashika haitaki maji mengi. Ukiizidishia, inatoa majani mengi na maua machache, ishara kwamba yenyewe inapendelea kupuuzwa. Mbuzi anaizunguka kwa heshima. Shemeji aliijaribu kwa panga, akaenda kutafuta plasta. Wanaoomba vipando wanapungua kila mmoja anapochomwa. Imeota upande wa matumaini, na ikiendelea hivyo saruji naweza kuiachia iendelee kuwa njiani.

Alovera nimeihamisha nyuma ya nyumba, karibu na karo. Mchaichai vilevile. Ukimya ulirudi mbele kwa muda, salamu zikarejea kuishia kwenye "nzuri", nami nikadhani nimeshinda.

Juzi mke wangu akaniambia, kwa sauti ileile, kwamba huko nyuma sasa kumependeza, kuna kivuli, kuna harufu nzuri, na ni mahali pasipo na usumbufu. Nikamwambia hilo ndilo lengo. Akasema amefurahi kuwa tunaelewana, kwa sababu wenzake wa kikoba walikuwa wanatafuta pa kukutania kila Jumamosi, ni akina mama ishirini na kitu, na ameshawaambia waje. Viti watabeba wenyewe. Chai ni ya kwetu, maana mchaichai si upo?